Jina Nililolijaza Mimi

Tangu nilipokabidhi funguo za kituo, ninyi vijana mliobaki mmekuwa mkinipigia simu kuuliza mambo madogo madogo: betri za sola zinaongezwa maji gani, kabati la chuma linafunguka vipi, yule mwanafunzi wa Kibimba asiyejibu ujumbe anapatikana kupitia nani. Maji ni yale ya chupa yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari, si ya kisimani. Mlango wa kabati uinue kidogo ndipo uzungushe ufunguo. Wa Kibimba mpigie katekista wao. Hayo mepesi nimeyamaliza. Yaliyobaki ni marefu kidogo, na kuna moja ambalo sijawahi kulisema mbele ya mtu yeyote wa ofisini.

Kuhusu vyeo na mshahara sitaandika kitu. Nilianza bwana shamba, na kwa watu wa Kasulo, kijiji changu cha kazi kule Ngara, nimestaafu bwana shamba, ingawa barua yangu ya mwisho iliniita mratibu wa kituo cha masomo ya mtandaoni. Hata mke wangu hakuwahi kulikariri jina hilo lote.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokewa na Mzee Sospeter, bwana shamba mkongwe aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache, koti moja, na kamba ya kupimia aliyojifunga kiunoni badala ya mkanda. Tulianza kupanda kilima cha kwanza saa moja asubuhi. Katika kila shamba aliniamuru niandike jina la mkulima, jina la baba yake, kitongoji na zao. Shamba moja mwenyewe hakuwepo, nikaacha pengo. Tuliporudi ofisini Mzee akaipitia fomu, akaweka kidole kwenye lile pengo, akanirudishia karatasi. Kesho yake nilitembea peke yangu nusu siku nzima kwenda kuuliza jina moja. Fomu yenye pengo, aliniambia, ni kazi ya mvivu, na mkulima aliyerukwa kwenye fomu hapati mbegu. Niliyashika maneno yale kama nilivyoshika katekisimu.

Na kweli, kipindi kile jina kwenye karatasi lilikuwa chakula. Wakimbizi walikuwa wamejaa Ngara, miti imekatwa kuni hadi vichaka, ardhi imechoka, na kila msaada ulikuja kwa orodha: mbegu, vipando vya mihogo, majembe, miche ya miti. Orodha hizo niliziandika mimi. Nikitoa kalamu tu mfukoni, watu waliacha walichokuwa wakikifanya. Kuna mzee alinikimbilia hadi barabarani, koleo begani, akihema.

"Bwana Shamba, na mimi niandike! Usinisahau kama mwaka ule wa mahalage!"

Nikamwandika. Alipokwisha kuandikwa ndipo akauliza habari za nyumbani kwangu. Orodha yenyewe ilikuwa ya nini, hakuuliza, na sikumbuki mtu mwingine yeyote aliyewahi kuniuliza.

Adelina alikuwa mmoja wa watu wangu wa orodha. Alikuwa mjane kijana, mama wa mtoto mmoja mchanga wa kiume aitwaye Evodi, mwenye shamba la migomba juu ya kilima lililofagiliwa kama uwanja wa kanisa. Nilimwandika kwenye mbegu, nikamwandika kwenye majembe, nikamwandika kwenye vyandarua. Miaka ikaenda hivyo, Evodi akakua, mimi nikaota mvi. Kisha mnyauko wa migomba ukaingia. Nilimfundisha mwenyewe kung'oa shina lenye ugonjwa na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa shina jingine. Aliyafuata yote kwa uaminifu, na migomba ikafa yote vilevile.

Ndipo akashuka bondeni, kama kilima kizima kilivyoshuka. Akafungua kipande kando ya maji, akapanda viazi vitamu, maharage na mboga za kiangazi, na kuanzia hapo nyumba yake ikawa inakula kutoka bondeni. Sheria inakataza kulima ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji. Mimi nilijua, mtendaji wa kijiji alijua, nadhani hata vyura walijua. Hatukuwa na pa kuwapeleka wale watu, basi kila mmoja wetu akawa anatazama pembeni.

Miaka yangu ya mwisho nilihamishiwa Biharamulo. Vyuo vikuu vitatu, viwili vya ng'ambo na kimoja cha hapa nchini, vilikuwa vimeungana kufundisha kwa mtandao kozi ya rasilimali na uendelevu: udongo, maji, misitu, taka, na namna ya kuvitumia bila kuvimaliza. Wanafunzi wa nchi tatu walisoma darasa moja kwa wakati mmoja. Sisi tulipewa ghala la zamani la pamba, projekta, meza, na paa lililovuja mahali palepale kila fundi alipomaliza kuliziba. Kazi yangu ilikuwa kuwakusanya walimu na maofisa ugani wa Ngara na Biharamulo, kuwaketisha mbele ya ukuta mweupe, na kusimamia kazi zao za vitendo huko vijijini.

Siku ya kwanza ya darasa, Profesa Marit, kiongozi wa kozi kutoka nchi za baridi, akatokea ukutani akiwa mkubwa kuliko mlango. Darasa zima likasimama, wenye mvi wakiwemo, likasema kwa pamoja, "Shikamoo, mwalimu!" Mwanamke yule alikuwa mdogo kuliko karibu wote waliosimama. Mhadhiri mwenzake wa Dar es Salaam, ambaye ndiye aliyekuwa akitutafsiria, akamwelekeza ajibu marahaba. Akajibu, na tangu hapo akawa anamjibu hivyo kila mtu, hata mlinzi wetu aliyelingana na babu yake.

Somo la kwanza lilikuwa la taka. Tuliambiwa kila mmoja apime uzito wa vitu ambavyo familia yake inatupa kwa wiki. Mwalimu mmoja akanyoosha mkono akauliza: kutupa vitu gani? Maganda ni ya mbuzi, majivu ni ya shamba, chupa ni ya mafuta ya taa. Profesa Marit aliandika jambo hilo kwenye daftari lake kwa muda mrefu. Nawaambia haya ili msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa msikivu kuliko wakubwa wengi niliofanya nao kazi, na yaliyotokea baadaye hayakutoka kwake.

Mtandao ulikuwa ukikatika wingu likitua juu ya kilima chenye mnara. Tukazoea kurekodi mihadhara kwenye flashi na kuzipeleka Ngara kwa basi. Hapa naomba mnisikilize: flashi isipewe kondakta mkononi, iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi. Mhadhara mzima wa maji ya chini ya ardhi ulifika Kibimba ukiwa umegeuka nyimbo za kwaya, na wanafunzi wangu, kwa heshima waliyokuwa nayo kwa chuo kikuu, walizisikiliza zote wakisubiri maji yatajwe.

Katika kundi lile kulikuwa na wanafunzi wawili ninaotaka muwafahamu. Wa kwanza ni Hamisi, afisa ugani wa Nyamahanga, mcheshi, wa mwisho kuleta kazi kila mara na wa kwanza kutoka darasani. Wa pili ni Leokadia, mwalimu wa shule ya msingi huko Kasulo. Leokadia alikuwa ameolewa na Evodi, yule mtoto wa Adelina. Evodi alikuwa akichimba dhahabu kwenye machimbo madogo upande wa Biharamulo na kurudi nyumbani kila baada ya miezi kadhaa, hivyo nyumba ile walibaki wanawake wawili, mama mkwe na mkwe, nao walipatana kiasi cha majirani kuona wivu. Leokadia akitoka shuleni alikuta chai. Adelina akitoka bondeni alikuta ugali.

Kazi kubwa ya kozi ilikuwa ramani. Kila mwanafunzi achague rasilimali moja ya karibu naye, aizunguke na kifaa cha GPS cha kupimia mipaka, achore ramani, na aorodheshe nani anaitumia na kwa kiasi gani anaitegemea. Leokadia akachagua bonde. Nakumbuka alivyoeleza siku ile, amesimama wima kama yuko mbele ya darasa lake.

"Bonde linachoka, Mzee, hilo halina ubishi. Lakini watu nao hawana pa kwenda. Nataka vyote viwili vionekane kwenye karatasi moja, labda mtu mwenye akili kuliko sisi atapata dawa."

Profesa Marit aliagiza kwamba kila mkulima aelezwe kazi ni ya nini, na aridhie mwenyewe. Nikaenda Kasulo, tukaitisha mkutano chini bondeni, nikaanza kueleza kwa Kihangaza habari za chuo, ramani na mtandao. Nusu yao hawakusubiri nimalize. Waliona kalamu, wakapanga mstari. Karatasi niliyokuwa nayo ilikuwa ya mahudhurio, ile ya siku zote, na ndiyo waliyosaini. Wiki iliyofuata profesa akaniuliza kutoka ukutani, mbele ya darasa la nchi tatu, kama wote wameridhia.

"Wote wamesaini," nikajibu.

Jibu lile lilikuwa kweli tupu, na mpaka leo linanichefua.

Adelina hakuwepo kwenye mkutano; alikuwa msibani kijiji cha jirani. Kipande chake kilipimwa pamoja na vingine. Baada ya siku chache Leokadia akaja Biharamulo na jedwali lake, safi, kila mkulima na jina lake, jina la baba yake, kitongoji na ukubwa wa kipande. Katikati kulikuwa na mstari mmoja wenye vipimo bila jina.

"Mwalimu, hapa umeruka," nikamwambia.

Akainamisha macho. "Sijaruka, Mzee. Ni kipande cha mama mkwe."

"Najua ni cha nani. Jaza."

"Jina lake silitaji, Mzee. Wala siliandiki. Kwetu haifanyiki."

Nilijua pia hilo. Katika familia za namna ile mke aliyeolewa hatamki jina la mkwe wake hadi anakufa. Likiwa ni jina linalofanana na kitu, hata kile kitu hukizunguka kwa maneno mengine. Kuliandika kwa mkono wake ni sawa na kulitamka mbele za watu. Akaniomba tuache hivyo hivyo, au tuandike mama wa nyumba fulani. Nami nikacheka. Nikaona kidole cha Mzee Sospeter juu ya pengo. Nikamwambia chuo kikuu hakipokei kazi yenye mashimo, nikachukua kalamu, nikajaza jina la Adelina, jina la baba yake na kitongoji, yote nikiyajua kwa kichwa kutokana na zile orodha za miaka. Haikuchukua dakika moja. Tulipofika kwenye kompyuta, mistari mingine yote aliichapa yeye, ule mmoja nikauchapa mimi. Leokadia aliangalia dirishani mpaka nilipomaliza.

Siku hiyohiyo Hamisi naye akaleta ramani ya mto wao, imechelewa, na wakulima wake wameandikwa mkulima wa kwanza, mkulima wa pili, mkulima wa tatu. Nikamuuliza majina yako wapi.

"Mzee, kule Nyamahanga ukiweka jina la mtu na mto kwenye karatasi moja, umeshamfungulia kesi."

Darasa likaangua kicheko. Nikampunguzia alama, nikaandika kwa wino mwekundu kwamba kazi haijakamilika, nikamshauri mbele ya wenzake aige mfano wa Mwalimu Leokadia. Watu wa Nyamahanga wanalima kando ya mto wao hadi leo.

Ramani ya Leokadia ikawekwa kwenye tovuti ya kozi, ambayo mtu yeyote duniani aliweza kuifungua. Ilisifiwa na nchi zote tatu. Mwanafunzi wa ng'ambo aliandika kwamba hajawahi kuona kazi yenye uhai namna ile, maana kila kipande kina mtu. Leokadia alipata alama ya juu kuliko wote, nami nilitembea na sifa hiyo mjini Biharamulo kama ya mtoto wangu wa kuzaa.

Kiangazi kilichofuata, asubuhi moja, Leokadia akanipigia simu. Hakusalimia. Alisema tu, "Mzee, njoo, wako bondeni na ramani."

Nilikodi pikipiki. Nilipofika, jua lilikuwa limesimama kichwani. Walikuwa watu wa ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu sheria ilikuwa upande wao, pamoja na mgambo wenye mapanga. Kijana mmoja mwenye miwani alikuwa na karatasi iliyochapishwa kwa rangi. Niliitambua nikiwa bado juu ya njia. Nilizijua zile rangi za vipande, nikaujua hadi ufunguo wa ramani uliokuwa kwenye kona, maana tuliuhamisha mara tatu mpaka ukakaa vizuri. Alikuwa akisoma jina la mwenye kipande, jina la baba yake, kisha mgambo wanaingia. Mashina ya viazi yaling'olewa na kutupwa majini. Maharage yaliyokuwa katika maua yalifyekwa. Kila mtu aliitikia jina lake likisomwa, kwa mazoea, kama walivyokuwa wakiniitikia mimi.

Wakafika kwa Adelina. Kijana akasoma jina lake lote. Aliposoma la baba yake, Adelina aliinua kichwa. Baba yake alikufa kabla mimi sijafika Kasulo, na waliokuwa wanalijua jina lile walihesabika. Hakumtazama kijana wala panga. Aligeuka akamtazama mkwewe.

"Umeniandika?" aliuliza kwa Kihangaza, polepole.

Leokadia alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimetazama chini.

Neno moja lingetosha pale. Nilikuwa nalo mdomoni na sikulitoa. Nilijiambia hapa si mahali pake, watu wana hasira, mgambo wana mapanga, nitasema baadaye nyumbani kwa utulivu. Nilipanda pikipiki yangu nikaondoka kabla hawajamaliza bonde.

Wanakijiji wengine walimlaani Leokadia mwezi mmoja hivi, kisha njaa ikawapa mambo mengine ya kufanya. Baadhi walirudi bondeni chini zaidi, kwenye matete, wanalima wakichungulia. Nyumba ya Adelina haikupona hivyo. Kupoteza kipande yeye angezoea, kwa kuwa alikwisha kupoteza migomba. Kilichomuua moyo ni kwamba mkwe aliyemchukua kama binti amevunja mwiko, ameliandika jina lake pamoja na la marehemu baba yake, akalipeleka kwa watu wa kufyeka. Akaacha kula chakula cha Leokadia. Uani pakawa na majiko mawili. Leokadia alinunua unga kwa mshahara wake wa ualimu, Adelina hakuugusa. Alipikiwa mihogo na binti wa jirani, siku nyingine hakupikiwa kitu. Katika nyumba za kule, mke ambaye chakula chake hakiliwi na mama wa mumewe amekwisha kufukuzwa, bado tu kufunga mizigo. Evodi alirudi kutoka machimboni, akawasikiliza wote wawili, akarudi machimboni.

Leokadia alikuja Biharamulo kuniona.

"Mzee, njoo useme. Neno moja tu, kisha urudi zako."

Nikamwahidi Jumapili. Jumapili ile wakaja wageni wa vyuo kukagua mradi, nikabaki. Mara ya pili akapiga simu, nikamwambia baada ya ripoti. Mara ya tatu alikuja na basi, amekonda, amefunga kitambaa kichwani kama mfiwa. Nilimuuliza kwa nini asiseme mwenyewe kwamba ni mimi.

"Nikisema, nitakuwa nimemsingizia mtu mzima. Tena wewe, Bwana Shamba. Nani ataniamini pale kijijini?"

Nilimpa chai. Nikamwambia nimebakiza miezi michache kustaafu, nikishaagwa tu nitakwenda na kusema yote. Alikunywa chai yake hadi mwisho kwa adabu, akaniaga. Sitawadanganya kwamba kazi zilinibana. Niliona aibu. Nilitaka niagwe kwanza nikiwa bado Bwana Shamba yule yule, na kwa ajili ya sherehe ya soda na hotuba nilimwacha mwanamke yule kwenye moto.

Profesa Marit nilimweleza habari za bonde, ingawa si za jina. Aliiondoa ramani kwenye tovuti saa ileile, akalia mbele ya kamera bila kujificha. Kisha akaniuliza, "Uliniambia wote wameridhia." Nikasema walisaini. Mwaka uliofuata sisi wenyewe tukawa somo: hatari ya kuchapisha habari za watu. Wanafunzi wa nchi tatu walijadili bonde lile kwa wiki mbili, wakiliita kijiji fulani cha Afrika Mashariki na mkulima fulani. Hapo sasa majina yalifichwa. Hamisi alialikwa kuwa msemaji, akaongea vizuri sana, na wala hakunitaja. Nilikaa kiti cha nyuma ghalani nikimsikiliza kama mwanafunzi.

Kama kuna ushauri wa kazi mnaoutaka kwangu, ndio huu. Mkiona pengo kwenye fomu, muulizeni aliyeliacha kwa nini ameliacha, na mkae kimya mpaka amalize kuwajibu. Sikufundishwa hivyo na sikumfundisha mtu hivyo, ndiyo maana nauandika.

Niliagwa. Kulikuwa na hotuba nne na saa ya ukutani. Wiki iliyofuata nikatafuta jedwali la awali kwenye kabati la chuma, lile la mkono, ambalo mistari yote ina mwandiko wa Leokadia isipokuwa mmoja. Nikalikunja mfukoni, nikapanda basi la Kasulo.

Adelina alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini mwa nyumba. Alikuwa amepungua hata mifupa ya mabega ilionekana chini ya kitenge. Alifurahi kuniona, akamwita binti wa jirani alete kigoda. Tulisalimiana kirefu, akaniuliza kama waliniaga vizuri, nikasema vizuri. Kisha nikaona nikichelewa zaidi nitaondoka tena bila kusema.

"Mama Evodi, jina lako nililiandika mimi. Mkweo hakuliandika. Alikataa, akaacha wazi, mimi nikachukua kalamu nikajaza."

Alinitazama. Nikatoa karatasi, nikaikunjua mapajani mwake, nikamwonyesha mstari wake na mistari mingine, nikamwambia aangalie miandiko ya mikono miwili ilivyo tofauti. Aliigeuza juu chini, akaipapasa kwa kidole, akanirudishia. Adelina hakusoma shule. Kwake maandishi yote yalikuwa mkono mmoja.

Akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililonitia baridi.

"Bwana Shamba, umeniandika tangu Evodi ananyonya. Mbegu uliniandika. Jembe uliniandika. Siku hata moja hujaniandika kwenye ubaya. Leo umestaafu, ungekaa upumzike, umekuja kumbebea mtoto wa watu mzigo wake."

"Simbebei. Nakuambia kweli, mbele ya Mungu."

"Una moyo mzuri," akasema.

"Adelina, nisikilize..."

"Una moyo mzuri. Ulikuwa nao tangu ujana." Akaukamata mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, ule ule wa kuandikia, akauminya kama mtu anayefariji mfiwa.

Niliongea tena, kwa Kihangaza na kwa Kiswahili. Nilieleza chuo, kompyuta, profesa, karatasi ya mahudhurio. Kadiri nilivyojishitaki ndivyo alivyozidi kunihurumia. Hatimaye akaniambia nisijichoshe, maana safari ya kurudi ni ndefu.

Nilipoinua macho nikamwona Leokadia amesimama kwenye kona ya nyumba, ametoka shuleni, bado na vumbi la chaki kwenye mkono. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Aliingia kwenye jiko lake, akatoka na bakuli la maharage na ugali, akaniletea maji ya kunawa. Bakuli akaliweka mbele yangu. Mbele ya mama mkwe wake hakuweka kitu, na mama mkwe wake aligeuza uso upande wa bonde.

"Karibu, Mzee," Leokadia akaniambia. "Chakula changu humu ndani wanakula wageni tu."